Kukutanisha Ukoo Ulaya: Vipi Tuchague Hoteli Yenye Utulivu na Stara?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake.

Amma baad. Kila ikikaribia likizo ya kati ya mwaka hutufikia swali moja kwa sura mbalimbali. Familia ina watoto London na Leicester, wengine Copenhagen, wengine Muscat, na wazee wamebakia Unguja au Pemba. Miaka inapita, watoto wa ndugu hawajuani hata kwa sura. Sasa ndugu wamekubaliana kukutana wote, watu thelathini au arubaini, katika hoteli moja Ulaya. Wanauliza: Je, inafaa? Na tukichagua hoteli, tutazame nini ili dini yetu isiharibike na wazee wetu wasitaabike?

Tutaeleza kwa kadiri Allah alivyotuwezesha, mambo ya fiqhi na mambo ya safari pamoja, kwani katika jambo hili hayaachani.

Kwanza: Kwa nini Ulaya?

Kuunga udugu ni wajibu. Katika aya ya mwanzo ya Suratun Nisaa Allah (S.W.) ameutaja udugu wa damu pamoja na amri ya kumcha Yeye. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba anayependa kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake basi aunge udugu wake. Safari inayokusudiwa jambo hili ni safari ya kheri, midamu msafiri anaweza kudhihirisha dini yake huko aendako na hakukusudia maasi.

Lakini kabla ya kutafuta hoteli, familia ikae ijiulize kwa ukweli kwa nini isiwe nyumbani. Kwa wengi jibu lipo. Tangu 1964 watu wa visiwa wametawanyika, na baadhi ya waliopewa hifadhi ya ukimbizi Ulaya hati zao za kusafiria haziwaruhusu kurudi katika nchi waliyotoka. Wengine wana mgonjwa asiyeweza kupanda ndege masaa mengi. Hizi ni nyudhuru za kweli. Ama ikiwa sababu ni picha tu za mitandaoni, basi pesa hizo zingetosha kuwaleta wote Unguja na zikabaki za kumjengea bibi choo cha ndani.

Pili: Anzeni na aliye dhaifu

Mtume (S.A.W.) amemuamrisha anayeswalisha watu akhafifishe, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wagonjwa na wazee. Tunaona msingi huu ndio unaofaa katika kupanga mkutano wa ukoo. Asitazamwe kijana mwenye pasi ya Uingereza anayeingia kila nchi. Atazamwe bibi mwenye pasi ya Tanzania, magoti yanayouma na sukari.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kulipia hoteli mwanzo na kuomba viza ya mzee mwisho. Viza ikikataliwa, pesa zimeshakwenda, na ndugu wanakutana bila ya yule ambaye wao ni ndugu kwa sababu yake. Hilo ndilo jambo zito katika suala hili lote. Kikao cha kuunga udugu kisigeuke kuwa kikao cha wenye pasi nzuri.

Kwa hivyo utaratibu uwe hivi:

1. Viza ya Schengen huombwa mapema kiasi cha miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ombeni mapema. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45.

2. Huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Mzee lazima aende mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Kwa watu wa Unguja na Pemba hiyo ni safari ya Dar es Salaam, na kwa watu wa Lamu ni Nairobi, basi mumuandalie pia safari hiyo. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama.

3. Ada tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka asiyefika 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Ada hairudishwi viza ikikataliwa.

4. Inatakiwa bima ya safari inayofidia matibabu yasiyopungua yuro 30,000. Kwa mzee mwenye maradhi, someni masharti ya bima hiyo, kwani nyingi hazilipii maradhi aliyokuwa nayo kabla.

5. Hoteli iwekewe nafasi kwa masharti ya kughairi bila ya malipo mpaka viza itoke. Ubalozi hutaka uthibitisho wa mahali pa kukaa, na uthibitisho wa namna hii huwa unatosha.

Na kama viza ya mzee imekataliwa, ushauri wetu ni kuhamisha kikao na si kumuacha mzee. Muscat ina jamaa zetu wengi, na Salalah huwa na mvua za rasharasha na baridi nzuri kuanzia Juni mpaka Septemba. Utulivu unaotafutwa Ulaya unaweza kupatikana huko, na adhana mtaisikia.

Tatu: Miji inayofikiriwa

Hatuna hoteli tunayoitangaza. Tunataja miji ambayo Waislamu huizoea ili msomaji apate kupima.

Sarajevo na kitongoji cha Ilidža, Bosnia. Kwa familia nyingi tunaona hapa ndipo pepesi zaidi kidini. Nusu ya watu wa nchi hii ni Waislamu, na Sarajevo yenyewe wengi wao ni Waislamu. Msikiti wa Gazi Husrev-beg ulijengwa mnamo 1531 na Swala tano zinaswaliwa hapo. Nyama ya halali ni kitu cha kawaida mjini, na zipo hoteli zisizouza pombe kabisa. Ilidža iko magharibi ya mji, karibu na uwanja wa ndege. Ina maji ya moto ya asili, na njia ndefu iliyonyooka yenye miti mikubwa kila upande, kiasi cha kilomita 3, inayofika kwenye chemchemi za Vrelo Bosne. Njia hiyo ni tambarare na kuna magari ya farasi, hata mwenye magoti mabovu atafika. Vijana waelezwe pia kwamba mji huu ulizingirwa kivita kuanzia 1992 mpaka 1996 na Waislamu wake wakauawa. Makaburi meupe yanayoonekana milimani si mapambo.

Bosnia haimo katika Schengen. Mwenye pasi ya Tanzania anahitaji viza, ila mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi iliyo hai huruhusiwa kuingia kwa muda mfupi. Viza ya kuingia mara moja tu haitoshi. Thibitisheni na ubalozi kabla ya kukata tikiti. Turkish Airlines inaruka Zanzibar na inaruka Sarajevo, na mabadiliko yanafanyika Istanbul, hivyo mzee hashuki kwenye viwanja vingi.

Zell am See, Austria. Ni mji mdogo kando ya ziwa katika jimbo la Salzburg, na juu yake upo mlima Kitzsteinhorn wenye urefu wa mita 3,203 ambako theluji inaonekana hata Julai. Familia za Ghuba zimeuzoea kwa miaka, na jamaa zetu wa Oman wanaujua. Kwa hivyo wakati wa joto mikahawa ya halali hupatikana, na watu wa hoteli hawashangai familia ya watu thelathini. Lakini ni ghali, na watu wake wanapenda sana utaratibu. Mwaka 2014 mji huu ulitoa kijitabu cha kuwaelekeza wageni wa Kiarabu adabu za pale, na kikazusha mjadala mkubwa. Mgeni ajue kwamba anatazamwa.

Nyumba za wageni za vijana, Ujerumani na Denmark. Msidanganyike na jina. Mfumo huu ulianzia Ujerumani mnamo 1909 kwa ajili ya wanafunzi, na leo unapokea familia pia. Vyumba vina vitanda vinne au sita, upo ukumbi wa kukaa pamoja, na kwa Denmark aghlabu lipo jiko la wageni. Kwa ukoo usio na pesa nyingi, na ambao nusu yao wanaishi huko huko, hili ni jambo la kulifikiria kabla ya hoteli ya nyota nne.

Nne: Stara ya wanawake na sheria za nchi

Dada zetu wanaovaa nikabu wajue mapema. Ufaransa imekataza kufunika uso hadharani tangu 2011, na Ubelgiji mwaka huo huo. Austria ni tangu Oktoba 2017, Denmark tangu Agosti 2018, na Uswisi tangu Januari 2025. Buibui na ushungi havikukatazwa katika sheria hizi. Bosnia haina katazo hilo. Ikiwa katika ukoo yumo hata mmoja anayeshika nikabu, basi si uadilifu kuchagua nchi itakayomlazimisha aivue au abaki chumbani wiki nzima wakati wenzake wako ziwani.

Ndani ya hoteli kuna mambo mawili. La kwanza ni bwawa la kuogelea. Mabwawa ya hoteli ni ya mchanganyiko, lakini hoteli ndogo mara nyingi hukubali kuwatengea saa moja au mbili kwa siku mkiwa wengi, wanawake peke yao. Muombe hilo kabla ya kulipa na lipatikane kwa maandishi. La pili ni sisi wenyewe. Mtoto wa ami na mtoto wa khaloo si maharimu, na shemeji si maharimu, ingawa tumekula sahani moja utotoni. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha vikali juu ya jamaa wa mume kumuingilia mke faraghani. Kwa hivyo vyumba vigaiwe kwa hesabu hiyo: wasichana na bibi yao upande mmoja, vijana wa kiume upande mwengine, na kila mume na mkewe na wadogo zao. Na watoto wakifika miaka kumi tumeamrishwa kuwatenganisha malazi.

Jueni pia kwamba kule haikubaliki kutandika godoro au mkeka chini kama tunavyofanya kwetu wageni wakizidi. Idadi ya watu kwa chumba imewekwa kwa sababu ya sheria za moto, na miji mingi hutoza kodi ya mgeni kwa kila kichwa kwa kila usiku. Kuingiza mtu kwa kificho ni kuvunja mkataba, na Muislamu anafungwa na masharti aliyoyakubali.

Tano: Chakula

Nyama ya nguruwe na pombe mambo yake yako wazi. Yanayofichikana ni haya: mchuzi uliotiwa mvinyo, jelatini katika vitamutamu, mafuta ya nguruwe katika mikate na maandazi, na koleo moja linalotumika kwa soseji za nguruwe na mayai katika meza ya asubuhi.

Ama nyama ya ng'ombe na kuku, chakula cha Ahlul Kitab kimehalalishwa katika aya ya 5 ya Suratul Maida, lakini wanazuoni wameshurutisha kwamba awe amechinjwa kweli. Mnyama aliyekufa kwa mshtuko wa umeme au kwa kupigwa kabla ya kisu kumfikia ni mzoga, akichinja Muislamu au asiyekuwa Muislamu. Kwa kuwa mkaazi wa hoteli hana njia ya kulijua hilo, lililo salama ni nyama yenye cheti cha halali kinachoaminika na Waislamu wa pale. Kisipopatikana, basi samaki, mayai na mboga. Samaki hana shaka.

Pia imepokewa katazo la kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe. Kwa hivyo haitoshi kusema "sisi hatunywi". Ombeni chumba cha kulia cha peke yenu, au wakati wenu, na chupa ziondolewe. Hoteli inayopokea watu thelathini haioni shida kufanya hivyo.

Lililo bora kuliko yote, kwa maoni yetu, ni nyumba au hoteli yenye vyumba vilivyo na jiko. Mnapika pilau yenu, bei inashuka, na shangazi wanakaa pamoja jikoni, na huko ndiko udugu unakoungika. Bizari na karafuu mnaweza kuchukua. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi katika mizigo, hata nyama ya kukausha. Katika matunda, nazi, tende, ndizi, nanasi na doriani ndiyo yanayoruhusiwa bila ya cheti cha afya ya mimea. Embe hazimo humo. Na doriani tunawaomba muiache kwa ajili ya harufu yake.

Sita: Swala

Hapa pana makosa mengi, na sisi wa visiwani tulio wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kwa hivyo tutaeleza kwa madhehebu hayo.

Mkiwa njiani, na katika kusubiri ndege Istanbul au penginepo, mnaruhusiwa kupunguza Swala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Lakini aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukmu ya usafiri inamuondokea anapofika tu. Familia iliyokodi hoteli kwa wiki moja itaswali rakaa kamili na kila Swala kwa wakati wake tangu siku ya mwanzo. Mkiona wenyeji au Waturuki wanasema siku kumi na tano, hayo ni madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wala msigombane nao.

Ijumaa vile vile. Aliyenuia ukaazi huo analazimika kuhudhuria Ijumaa ikiwa inaswaliwa katika mji aliopo. Wala hamwezi kuisimamisha wenyewe katika ukumbi wa hoteli hata mkifika arubaini, kwa kuwa katika madhehebu yetu wanaohesabiwa ni wenyeji waliofanya pale maskani yao. Basi chagueni mahali ambapo msikiti haumpiti mzee kwa umbali.

Nyakati nazo zitazamwe. Mwishoni mwa Juni, Magharibi ya Sarajevo huingia kiasi cha saa mbili na nusu usiku, na Alfajiri karibu na saa tisa usiku. Kadiri mnavyokwenda kaskazini usiku unafupika, na Copenhagen wekundu wa mbingu hauondoki kabisa katika siku hizo, kwa hivyo hufuatwa makadirio ya msikiti wa pale. Mwenye wazee na watoto asichague kaskazini ya mbali katika Juni. Ama Disemba usiku ni mrefu na Swala ziko karibu karibu, lakini hoteli nyingi hujaa sherehe za ulevi mwisho wa mwezi.

Na kibla: kwetu Unguja tunaelekea kaskazini. Kutoka Ulaya mtaelekea kusini-mashariki. Mtu asiswali kwa mazoea.

Muulize pia kama hoteli inapokea mbwa vyumbani, kwani nyingi zinapokea. Kwa madhehebu yetu najisi ya mbwa ikiwa na maji maji huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na zulia la hoteli halitooshwa hivyo. Ombeni vyumba ambavyo mbwa hawaingizwi. Na chukueni kopo la kustanjia, vyooni hakuna bomba.

Saba: Utulivu ni wetu na wa jirani

Tukisema hoteli yenye utulivu tunakusudia isiwe na baa chini ya vyumba, isiwe jirani na dansi, na isiwe na ukumbi wa harusi uliokodishwa wiki ile ile. Haya yaulizwe kwa jina.

Lakini tuseme kweli. Watu arubaini wa ukoo mmoja ambao hawajaonana miaka kumi, mara nyingi ndio kelele yenyewe. Katika Ujerumani na Austria kuanzia saa nne usiku ni wakati wa kunyamaza, na jirani ana haki ya kulalamika. Haki ya jirani katika Uislamu haikufungwa kwa Muislamu peke yake. Kisomo na qasida ni mambo mema, lakini saa sita ya usiku karibu na ukuta wa mtu aliyelala yanageuka kuwa adha. Familia ikiwa kubwa, kuchukua nyumba nzima ya wageni ndogo, au ghorofa nzima, ni bora kuliko vyumba ishirini vilivyotawanyika katika hoteli kubwa.

Nane: Pesa

Fitina za mikutano hii nyingi huanzia hapa. Mmoja analipa kwa kadi yake, wengine wanaahidi, na baada ya mwaka ndugu hawasemeshani. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha kuandika deni, nayo haikuwatoa ndugu. Mteueni mtu mmoja wa kushika mchango, kila anayelipa aandikiwe, na ielezwe tangu mwanzo nani analipiwa na wenziwe na kwamba hilo ni sadaka, si deni. Sadaka kwa jamaa ina ujira wa sadaka na ujira wa kuunga udugu. Asiyekuwa na uwezo asitajwe mbele za watu. Na asikope mtu kwa riba ili aonekane naye alikwenda Ulaya, kwani haramu haiungi udugu.

Kwa ufupi, kabla ya kulipa muwe na majibu ya maandishi juu ya haya: masharti ya kughairi, idadi ya watu kwa chumba, lifti na chumba cha chini kwa wazee, jiko au chumba cha kulia cha peke yenu, asili ya nyama, pombe, saa za wanawake bwawani, mbwa, pahala pa kuswali jamaa, na umbali wa msikiti na wa hospitali. Hoteli isiyojibu maswali hayo kabla ya kupokea pesa haitoyajibu baada ya kuzipokea.

Tunamuomba Allah azikutanishe familia zetu zilizotawanyika, awape wazee wetu afya ya kuwaona wajukuu wao, na atukutanishe sote katika nyumba ya kudumu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.